Ubuntu, Mint, Debian au Fedora: Uchague Linux ipi ukiwa Uganda?

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wanaoniletea kompyuta hawaniulizi tena Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni kitu gani. Wananiuliza, "Fundi, Linux ipi?" Na wana sababu ya kuuliza. Laptopu na kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika ng'ambo, ambazo ndizo wengi wetu tunazozimudu, mara nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha nne hadi cha saba. Windows 11 inadai kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mashine ni nzima, kibodi haina kasoro, RAM inatosha, lakini haikubaliwi. Mwaka mmoja wa nyongeza ambao Microsoft iliwapa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha unakwisha Oktoba 2026.

Anayeamua kuhamia Linux anakutana na mamia ya matoleo yake, yaitwayo distro: Ubuntu, Mint, Debian, Fedora, Zorin, Manjaro, openSUSE, MX, Arch na mengine mengi. Kila moja lina wapenzi wake, na kila mpenzi anaapa kwamba lake ndilo. Baada ya jioni nzima ya kusoma mabishano hayo, wengi huchoka wakarudi kwenye Windows isiyo na ulinzi tena. Hilo linaniuma, kwa sababu mashine zao zingeweza kufanya kazi miaka mingine mingi.

Nitoe msimamo wangu mapema. Kwa mwenye kompyuta moja, wingi wa matoleo hauna madhara makubwa; akichagua moja kati ya manne au matano yanayofahamika, hatapotea. Madhara huanza pale matoleo yanapochanganywa ndani ya ofisi moja, shule moja au kafe moja ya intaneti. Kwa hiyo usichague kwa kutazama sura ya skrini. Tazama mambo matatu: bando litakaloliwa, miaka utakayohudumiwa bila kusakinisha upya, na nani aliye karibu nawe anayelijua toleo hilo.

Kwa nini yamekuwa mengi hivi

Mwaka 1991, Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kerneli, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoongea na prosesa, RAM na diski. Kerneli peke yake haiandiki barua wala haifungui tovuti. Inahitaji zana nyingine, nyingi zikitoka kwenye mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, na juu yake programu za kazi. Kukusanya vyote hivyo, kuvipima kama vinaelewana na kuvifunga pamoja ni kazi kubwa. Anayeifanya ndiye anayetoa distro. Leseni ya GPL inamruhusu mtu yeyote kuchukua, kubadilisha na kutoa upya, mradi wanaopokea nao wapate msimbo na haki zilezile. Mgawanyiko wote unaouona umetokana na ruhusa hiyo.

Watu wameitumia kila walipotofautiana. KDE, mfumo wa sura ya skrini, yaani madirisha na menyu, ilianza mwaka 1996. Mwaka uliofuata wengine wakaanzisha GNOME, kwa kuwa Qt, mkusanyiko wa msimbo ambao KDE iliutegemea, haikuwa na leseni huria wakati ule. GNOME ilipobadili sura yake yote katika toleo la 3 mwaka 2011, wasioridhika wakaiendeleza ile ya zamani kwa jina la MATE, na kundi la Mint likatengeneza Cinnamon. Debian ilipoamua kutumia systemd kuwashia huduma zake, baadhi ya watu wake wakatoka na kuunda Devuan.

Ukivitazama kwa mbali vitu hivi ni vurugu. Ukisogea karibu unaona koo chache tu. Ukoo wa Debian una Debian yenyewe, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, mtoto wake Ubuntu wa mwaka 2004, mjukuu wake Mint wa mwaka 2006, na ndugu wengine kama Zorin, MX, antiX na Kali. Ukoo wa Red Hat una Fedora, Red Hat Enterprise Linux yenyewe, Rocky na AlmaLinux. SUSE na Arch wana koo zao. Kerneli ni ileile, Firefox ni ileile, LibreOffice ya kazi za ofisi ni ileile, VLC ni ileile. Kinachotenganisha koo mbili kubwa katika kazi za kila siku ni aina ya kifurushi cha programu: upande mmoja .deb, upande mwingine .rpm. Ukienda kupakua Google Chrome, Zoom au VS Code utaona wametayarisha vifurushi vya aina hizo mbili.

Kwa hiyo swali la mamia linapungua kuwa swali moja: deb au rpm? Kwa Uganda jibu langu ni deb, na sababu ni watu. Mafundi wengi ninaowafahamu walianzia Ubuntu. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikiwatumia watu CD za Ubuntu bure kwa posta popote duniani hadi mwaka 2011, enzi ambazo kupakua MB 700 kwenye kafe ya intaneti lilikuwa jambo la kupangia siku nzima. Waliojifunza kwa CD zile wamewafundisha wengine. Ukikwama usiku wa kuamkia siku ya mishahara, uwezekano wa kumpata mtu Kampala, Jinja au Mbale anayejua apt, amri ya kuweka programu upande wa deb, ni mkubwa kuliko wa kumpata anayejua dnf ya upande wa rpm.

Ubuntu na Mint: hapa ndipo wengi wanakwama

Haya mawili ni karibu kitu kimoja kwa ndani. Mint inajengwa juu ya Ubuntu LTS, lile toleo linalotoka kila miaka miwili mwezi Aprili na kuhudumiwa miaka mitano. Mint 22, kwa mfano, imesimama juu ya Ubuntu 24.04, na yote mawili yanahudumiwa hadi mwaka 2029. Programu iliyotengenezwa kwa Ubuntu karibu kila mara itakubali kwenye Mint. Maelekezo ya Ubuntu unayoyasoma mtandaoni yatakufaa pia.

Tofauti inaanzia kwenye skrini. Ubuntu inatumia GNOME: upau wa programu pembeni kushoto, hakuna menyu ya Start, na madirisha yanapangwa kwa namna ambayo katibu aliyezoea Windows 7 au 10 atahitaji kufundishwa. Mint ina menyu pembe ya chini kushoto, saa pembe ya kulia, folda zinafunguka zilivyozoeleka. Nimeona mhasibu wa chama cha akiba na mikopo akikaa mbele ya Mint na kuanza kuandika risiti bila kuuliza kitu. Kwa ofisi ambayo haina siku ya kufunga milango ili watu wafundishwe, hiyo ni tofauti ya fedha.

Kisha uzito. Ubuntu 24.04 inataka RAM ya GB 4 kwa uchache, na ukiwa nayo hiyo tu, ukafungua kivinjari chenye kurasa kadhaa na LibreOffice pembeni, utaisikia mashine ikilalamika. Mint inakubali GB 2 na kupendekeza GB 4. Inakuja na sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Kwa RAM ya GB 4 mimi naweka Xfce, iliyo nyepesi kuliko zote, kwa GB 8 naweka Cinnamon, na MATE naiacha kwa walioizoea tangu zamani.

Jambo la tatu ndilo lililowagawa watu hasa, nalo ni snap. Canonical iliamua kwamba baadhi ya programu zije katika vifurushi vya snap kutoka kwenye hazina inayoendeshwa na Canonical peke yake. Kuanzia Ubuntu 22.04, Firefox yenyewe inakuja kwa njia hiyo. Snap hujitafutia masasisho zenyewe mara kadhaa kwa siku na kuyapakua bila kukuuliza. Mint ilikataa: tangu toleo la 20 la mwaka 2020 imezizuia snap, na Firefox yake ni ya .deb. Badala yake ina Flatpak, aina nyingine ya vifurushi, ambayo hutumiwa na yule tu anayeitaka. Masasisho kwenye Mint yanaonekana kama alama ndogo pembeni. Unaibonyeza ukiwa tayari.

Mint nayo ina upungufu wake, na ni haki kuutaja. Kundi linaloitengeneza ni dogo na linaishi kwa michango ya watumiaji na wadhamini. Haina toleo la seva. Kwa laptopu iliyotoka kiwandani juzi, Wi-Fi au sauti inaweza kukosa kutambuliwa kwa sababu kerneli yake haikimbilii upya. Na kwa kuwa inasimama juu ya Ubuntu, Canonical ikibadili njia, Mint itaguswa. Ndiyo maana wana toleo la akiba, LMDE, lililojengwa moja kwa moja juu ya Debian.

Ubuntu basi inamfaa nani? Inamfaa aliye ndani ya taasisi ambayo tayari inaitumia. Wizara ya Afya inakusanya takwimu kupitia mfumo wa DHIS2, na mwongozo wa kusakinisha seva ya DHIS2 umeandikwa ukiilenga Ubuntu LTS. UgandaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, nao unafahamika vizuri kwa mafundi wanaotumia Ubuntu. Ukiwa fundi wa kituo cha afya Soroti au Arua, usijitafutie upweke kwa kuweka distro nyingine kwa sababu tu unaipenda. Ubuntu pia ina huduma ya Ubuntu Pro, bure kwa mtu binafsi hadi mashine tano, inayorefusha masasisho ya usalama hadi miaka kumi. Kwa seva iliyofungiwa chumbani na haiguswi, miaka kumi ni kitu cha maana.

Kwa nyumbani na ofisi ndogo, chaguo langu ni Mint.

Bando

Watengenezaji wengi wa distro wanaishi mahali ambapo intaneti ni kama maji ya bomba. Sisi tunanunua kwa MB, na tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza mwaka 2018. Kila sasisho lina bei inayotoka mfukoni mwa mtu. Kwa hiyo kwangu hiki ni kipimo cha kwanza cha kulinganisha.

Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. La Mint 22 ni karibu GB 3. La Fedora Workstation ni dogo zaidi ya hayo, lakini unafuu huo haudumu, kwa sababu Fedora husasisha vitu vingi kila wiki na toleo jipya hutoka kila miezi sita. Debian ina faili dogo la chini ya GB 1, ambalo hupakua vingine vyote wakati wa kusakinisha, na pia ina DVD ya kwanza, karibu GB 4, yenye skrini kamili na programu nyingi ndani yake. DVD hiyo inasakinisha kompyuta mwanzo hadi mwisho bila intaneti yoyote. Waliopitia siku za uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima, wanaelewa thamani ya kuwa na hazina ya programu kwenye droo.

Kama tayari uko kwenye Ubuntu na hutaki kuhama, zifunge snap zisijisasishe: fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike `sudo snap refresh --hold`, halafu ukiwa na bando la kutosha, au ukiwa chuoni kwenye Wi-Fi, uandike `sudo snap refresh`. Kwenye mipangilio ya mtandao uweke pia kwamba muunganisho wa simu yako una kikomo cha data. Flatpak nayo usiichukulie kuwa nyepesi. Programu ya kwanza utakayoiweka kwa Flatpak inakuja na misingi yake ya mamia ya MB. Za baadaye hupungua kwa sababu zinashiriki misingi hiyo. Kama programu ipo kwa .deb kwenye hazina ya kawaida, ichukue hiyo.

Faili moja likishapakuliwa, si lazima kila mtu alipakue tena. Leseni inaruhusu kulinakili kwenye flashi na kumpa jirani, na ni jambo jema kabisa kufanya hivyo. Hakikisha tu unalinganisha namba ya SHA256, inayoonyesha kama faili halijabadilika, na ile iliyo kwenye tovuti ya distro yenyewe, maana flashi zinazozunguka mitaani zinaharibu mafaili na kubeba virusi vya Windows. Kwa anayesakinishia watu mara kwa mara, programu iitwayo Ventoy inakuwezesha kuweka mafaili ya distro kadhaa kwenye flashi moja.

Maabara ya shule: mgawanyiko unapouma

Hapa nataka wasimamizi wa shule wanisikilize. Nimeingia kwenye maabara zenye kompyuta ishirini na matoleo manne au matano tofauti. Hakuna aliyekusudia. Wafadhili walileta mashine zikiwa na hili, fundi wa kwanza akaweka lile, mwalimu mpya aliyetoka chuoni akaweka analolipenda yeye. Kila toleo lina sura yake, kila moja lina tarehe yake ya kuishiwa huduma, na mwanafunzi akihamishwa kiti anaanza kutafuta upya mahali pa kuhifadhi kazi yake.

Gharama yake inahesabika. Chukulia sasisho la MB 300. Mashine ishirini zikilipakua kila moja peke yake, hizo ni GB 6. Lakini ukiweka programu iitwayo apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja, mashine ya kwanza inapopakua kifurushi, nakala inabaki pale na nyingine kumi na tisa zinaichukua kupitia waya wa ndani. Bando lililotumika ni MB 300. Sharti lake ni kwamba mashine ziwe na distro moja na toleo moja, la sivyo vifurushi havifanani na akiba hiyo inapungua sana. Snap nazo hazipiti kwenye njia hiyo hata kidogo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiweka Ubuntu ya kawaida maabarani.

Kwa maabara napendekeza Debian yenye Xfce. Toleo jipya hutoka karibu kila miaka miwili, linahudumiwa miaka mitatu kwa ukamilifu, kisha miaka miwili zaidi kwa masasisho ya usalama. Debian 13 ilitoka Agosti 2025. Katikati ya kipindi hicho programu hazibadiliki sura; kilichofundishwa muhula wa kwanza kitakuwa palepale muhula wa tatu. Wengine huiona Debian kuwa ya kizamani kwa sababu LibreOffice yake huwa nyuma kidogo. Kwa mwalimu anayeandaa masomo ya mwaka mzima, huko kutobadilika ni faida. Haimilikiwi na kampuni. Inaendeshwa na watu wanaojitolea chini ya mkataba wao wa kijamii wa mwaka 1997, kwa hiyo hakuna ofisi itakayoamka siku moja na kuiuza.

Ugumu wake uko siku ya kwanza. Kisakinishi kinauliza maswali mengi, na Wi-Fi za Broadcom, ambazo zimo kwenye laptopu nyingi za HP na Dell za zamani, husumbua zaidi kuliko kwenye Mint, ambayo ina dirisha la kutafutia madereva. Tangu Debian 12 kisakinishi kinakuja na firmware nyingi, yaani programu ndogo za kuendeshea vifaa kama Wi-Fi, ambazo zamani ulilazimika kuzitafuta, na hilo limepunguza shida. Ukikwama, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, na mashine itapata mtandao bila Wi-Fi.

Kuhusu mitihani: kabla ya kubadili chochote, mwalimu wa ICT ahakikishe mtihani wa vitendo utafanyiwa kwenye programu zipi. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayefanya ICT asikutane na programu ngeni siku ya mtihani. Kwa kazi za kawaida, LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya docx na xlsx, na mipangilio mingi inayoharibika hutokana na fonti. Weka Carlito na Caladea, ambazo upana wa herufi zake unalingana na Calibri na Cambria, na utaona barua zinakaa mahali pake.

Kuna gharama nyingine ya mgawanyiko ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunaibeba kimyakimya. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya kujivunia. Miaka sita baadaye OpenOffice ikagawanyika, ikazaliwa LibreOffice. Mfasiri wa kujitolea leo akitaka kompyuta iongee Kiswahili anakuta GNOME ina mahali pake pa kutafsiria, KDE pake, Ubuntu pake, LibreOffice pake. Lugha kubwa zina watu wa kutosha kugawana. Sisi ni wachache, na nguvu yetu inapotea kwa kutafsiri neno lilelile mara nne. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu hao wapya watahitaji kompyuta zenye Kiswahili. Wakichagua distro moja, angalau wafasiri watajua waanzie wapi.

Fedora, Rocky na AlmaLinux

Fedora ni nzuri. Ina kerneli mpya, GNOME safi, na inatambua laptopu mpya mapema kuliko karibu wote. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta Makerere mwenye Wi-Fi ya chuo ataifurahia. Lakini kila toleo linahudumiwa kama miezi 13 tu, kisha lazima upande la mbele, na video nyingi hazitacheza hadi uongeze hazina ya RPM Fusion. Kwa anayelipia data kwa siku, simshauri.

Kwenye seva mambo ni tofauti, na kisa cha CentOS kinafaa kujulikana na kila anayechagua. CentOS ilikuwa nakala ya bure ya Red Hat Enterprise Linux, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti duniani ziliitegemea. Mwaka 2019 IBM iliinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS 8, ambayo watu waliitarajia hadi 2029, itaachwa mwisho wa 2021. Waliokuwa wamehamia CentOS 8 wakabaki na mwaka mmoja wa kujipanga upya. Kilichowaokoa ni haki ileile ya kugawanyika: Gregory Kurtzer, mmoja wa walioianzisha CentOS, akaanzisha Rocky Linux, na kampuni ya CloudLinux ikaanzisha AlmaLinux. Yote mawili yalitoka mwaka 2021. Red Hat ilipobana upatikanaji wa msimbo wake mwaka 2023, Rocky iliendelea kulenga kufanana na Red Hat kwa kila kitu, hata hitilafu, na AlmaLinux ikaamua kwamba inatosha programu zilezile ziendelee kufanya kazi.

Ukitafuta kazi kwenye kampuni za mawasiliano au benki, jifunze mojawapo, maana Red Hat ndiyo ya kawaida huko na vyeti vyake vinaheshimiwa. Ukiweka seva ya cPanel, programu ya kusimamia tovuti, AlmaLinux ni chaguo salama. Kwa seva ndogo ya ofisi, Debian inatosha na hakuna wa kuiondoa.

Arch na Manjaro nayapitia haraka: yanasasishwa bila kukoma, na ukikaa miezi mitatu bila bando, kurudi kusasisha kunaweza kukuvunjia mfumo. Waachie wanaotaka kujifunza undani.

Mashine dhaifu sana

Kwanza hakikisha kama kweli ni dhaifu. Watu wengi huambiwa mashine yao ni ya biti 32 wakati siyo. Kila Core 2 Duo, hata ya mwaka 2006, ni ya biti 64. Mara nyingi kinachoiua ni diski ya kuzunguka. Ukiibadilisha kwa SSD ndogo, Mint Xfce au Debian Xfce itaamka upya.

Kwa zile za biti 32 kweli, kama vilaptopu vya Intel Atom vya mwanzo, uchaguzi umebanwa. Ubuntu iliacha zamani, na Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32. antiX 23 ina kisakinishi cha biti 32, na inatembea kwenye RAM ndogo sana. Usitarajie tovuti nzito, lakini kuandika, kuchapisha na kufungua PDF kutawezekana.

Wanaopaswa kubaki kwanza

Wachoraji na wachapishaji wa Nasser Road, Kampala, wanaopokea mafaili ya CorelDRAW na Photoshop kutoka kwa wateja wasihame kwa sababu ya maneno yangu. Inkscape, GIMP na Scribus, programu za bure za kuchora, kuhariri picha na kupanga kurasa, ni za kazi kweli, na anayeanza biashara leo anaweza kuzijengea juu. Lakini mteja akileta faili la CorelDRAW saa kumi jioni akitaka mabango asubuhi, huwezi kumwambia asubiri ujaribu kama rangi zimebaki zilivyokuwa. Hali ni hiyohiyo kwa ofisi za hesabu zinazotegemea Tally au QuickBooks ya kompyuta.

Hao nawashauri waanze na mashine moja isiyo ya kazi ya mteja. Waweke Mint, waitumie kwa barua pepe, kuvinjari na tovuti ya URA, mamlaka ya mapato, na kompyuta ya Windows yenye programu ya kazi waitoe kwenye intaneti ibaki ya kuchorea na kuchapishia tu. Mwenye RAM ya GB 8 au zaidi anaweza kuiweka Windows ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, juu ya Mint, ila kwa CorelDRAW yenye mafaili makubwa itakuwa nzito. Kwa Tally inakwenda vizuri. Kabla ya yote hayo, washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uunganishe printa yenu, na mchapishe ukurasa mmoja wa rangi.